26,000 kwa bakuli la maharage!

Najua nimepotea wiki mbili nzima, ila mnaosoma na mimi mnajua zile testi tatu zilivyotupiga mfululizo, na umeme wa huku mlimani nao una mambo yake. Leo nimerudi na donge kooni. Nitawagusa baadhi yenu humu, na wa kwanza kuguswa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo asinune mtu.

Kisa kilianza Jumamosi iliyopita. Mshikaji wetu tunayemwita Katibu alikuwa anatimiza miaka 23. Kila mwaka bethidei ya Katibu ni nyama choma, zile za kukatiwa kwenye ubao, chumvi na pilipili pembeni, mnarudi mnanuka moshi hadi Jumatatu. Mwaka huu akaja na jipya. Shemeji yetu amesikia kuna mgahawa mjini, wa Kiitaliano, wanapika mimea tupu. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, hata jibini eti inatengenezwa kwa korosho. (Jina la mgahawa silitaji. Sina ugomvi nao, mtaona huko mbele.) Kwanza tukacheka. Chuga bila nyama? Mji huu ambao hata kikao cha harusi hakiishi bila mbuzi? Lakini picha alizotuonyesha kwenye simu zilikuwa kali, sahani kama zimechorwa, basi kila mtu akasema twende.

Tulikuwa sita. Tukapanda kifodi, tukashuka Sanawari, tukatembea taratibu tukiwa tumevaa viatu vya presentesheni. Kati yetu alikuwepo chalii mmoja wa Same, Mpare, ambaye humu nitamwita Jirani kwa sababu chumba chake na changu vinatenganishwa na mbao tu, akikohoa nasikia. Jirani hakuwa na mzuka wa kwenda. Katibu akamng'ang'aniza: "Kaka, ni bethidei yangu, usiniangushe." Akaja.

Pazuri, niseme ukweli. Bustani, taa za kuning'inia, Mlima Meru unaonekana kwa nyuma mpaka giza linapoingia. Tukaletewa orodha ya vyakula. Wengine tukaenda kwenye piza na tambi na juisi za rangi mbili. Jirani aliisoma ile karatasi kama anasoma mtihani wa mwisho, akainua kichwa akaagiza supu moja, "pasta e fagioli", 12,000, na maji ya kunywa, 2,000. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikaona kidole chake kilikuwa kwenye bei, hakikuwa kwenye jina.

Supu ikaja. Wadau, lilikuwa bakuli la maharage. Maharage mekundu yaliyoiva vizuri, vipande vifupi vya tambi ndani yake, nyanya, kitunguu saumu, majani mawili juu na mafuta kidogo ya zeituni. Jirani akaangalia, akatabasamu, akasema kwa sauti ndogo: "Hii si ndiyo ile?" Hakujibiwa. Shemeji akaomba kuonja kijiko kimoja, akafumba macho: "Mamaaa, tamu hii!" Akalipiga picha bakuli la Jirani. Na mimi nikaonja. Ilikuwa tamu kweli.

Sasa hapo turudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini nimekasirika.

Mwaka wa kwanza Jirani alikuja chuoni na viroba viwili kutoka kwao. Kimoja mahindi yaliyokobolewa, kingine maharage. Kila Jumapili akitoka kanisani anawasha jiko la mkaa pale koridoni, anabandika sufuria kubwa la makande, linachemka mchana kutwa, kitunguu na karoti vinaingia mwishoni, na siku za neema tui la nazi. Sufuria hilo linamlisha mpaka Jumatano. Na alikuwa anakaribisha watu! "Karibuni jamani, kipo." Ni nani alikuwa anakwenda? Mimi nilikuwa nakwenda usiku, kwa siri, njaa ikiniuma. Mchana mbele ya watu ndiye mimi niliyempa jina: Magereza. "Magereza, leo mmepewa nini?" Koridoni zima linacheka. Jina likashika kama gundi. Mpaka mademu wa bloku ya pili wakawa wanalijua.

Semesta ya pili sufuria likapotea. Viroba vilivyofuata kutoka Same alimuuzia mama ntilie wa pale getini kwa bei ya kutupa. Akaanza kula chipsi mayai na sisi, kwa daftari. Mnajua daftari. Bumu likiingia linapitia kwenye kibanda cha chipsi kwanza, likifika mfukoni limebaki nusu. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka miwili, na sisi tukasema Magereza kaerevuka, sasa ni mtoto wa mjini.

Turudi mezani. Tulipokuwa tunamaliza akatoka mpishi kutusalimia. Nilitegemea mzungu mwenye kofia ndefu, akatokea mama wa makamo, Mmeru wa Nkoaranga, kitambaa kichwani. Tukasimama, "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmeshiba?" Jirani akamuuliza supu ile ameipikaje. Mama akacheka. "Baba, ni maharage tu hayo. Nimeyaloweka usiku, nimeyachemsha kwa moto mdogo, nikakaanga kitunguu na karoti na nyanya pembeni. Majani ndiyo ya kwao, mengine yote nilikuja nayo kutoka nyumbani." Halafu akatupa stori. Kuna Ijumaa moja waliandika makande kwenye ubao wa chakula cha siku. Wageni wakayala mpaka wakaomba waongezwe. Wabongo waliosoma ule ubao wakacheka, mmoja akamuuliza kama wameishiwa. Akaambiwa na uongozi ayatoe, hayanunuliwi na wenyeji. Alisimulia huku anacheka, na sisi tukacheka. Jirani hakucheka.

Bili ikaja: 156,000. Katibu akapiga hesabu ya haraka kwenye simu, "Tugawe kwa sita, 26,000 kila kichwa." Mimi piza na juisi mbili zangu zilishapita hapo, kwa hiyo nikatoa chapchap, na roho safi kabisa. Jirani aliyekula vya 14,000 akatoa 26,000, akazihesabu mara mbili, akaziweka mezani. Hakusema neno.

Jumatano usiku nikamgongea nimuazime chaja. Taa imezimwa, anakunywa uji wa chumvi. Nikauliza kulikoni, akasema kwa kawaida tu kwamba alikuwa na 30,000 ya kumfikisha Ijumaa. Nikamwambia sasa kwa nini hukusema pale, kwamba ulikula kidogo? Akaniangalia.

"Ningesema nini? Kwamba mimi nilikula maharage tu?"

Basi. Tangu Jumatano usiku sijalala vizuri.

Maana hebu tufikiri wadau. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu la chakula na malazi lilipanda kutoka 8,500 kwa siku kuwa 10,000, na kila mtu alishangilia. Kwa hiyo ile Jumamosi tulikula zaidi ya siku mbili na nusu za serikali kwa saa mbili. Hilo ni letu, watu wazima tuna haki ya kufanya ujinga na hela zetu. Kinachonichoma ni kwamba Jirani alitoa siku zake mbili na nusu kula kile kile tulichomcheka mpaka akakiuza. Kwa 26,000 hiyo angenunua mahindi na maharage ya wiki mbili, na chenji ya mkaa ingebaki. Tofauti ya bakuli la koridoni na bakuli la bustanini ilikuwa tambi, majani mawili na jina la Kiitaliano. Na taa za kuning'inia, sawa, nazikubali.

Nimekaa mtandaoni siku hizi mbili nikitafuta hao Waitaliano wenyewe walifikaje hapo. Jamani, ni Wapare watupu! Hiyo "pasta e fagioli" ni chakula cha wakulima maskini, watu walioweka maharage kwa sababu nyama ilikuwa ya matajiri. Watu wa Toscana walitaniwa na Waitaliano wenzao kwa jina la "mangiafagioli", wala maharage. Yaani na wao walikuwa na Magereza wao! Kuna mchoro maarufu uko Roma, kwenye jumba la Colonna, Annibale Carracci aliuchora miaka ya 1580, unaonyesha mkulima amekaa mezani kwake na kofia yake, mdomo wazi, kijiko kinadondosha mchuzi, mbele yake bakuli la maharage. Ukiyaangalia vizuri yana jicho jeusi kama kunde zetu. Na kunde kwao ni Afrika. Bakuli hilo leo watu wanapanda ndege kwenda kulitazama.

Piza nayo, ile ya zamani inayoitwa marinara, ni unga, nyanya, kitunguu saumu, majani na mafuta. Haina jibini wala nyama na wala haikuwa fasheni. Nyanya yenyewe wala si yao, ilitoka bara la Amerika kama mahindi yetu na maharage yetu haya mekundu. Mwandishi wao Mattioli aliitaja 1544 kama kitu kigeni. Hata neno "vegan" ni la juzi, lilibuniwa Uingereza 1944 na Donald Watson na wenzake. Bibi yangu alikuwa anakula hivyo siku nne au tano kwa wiki, ila yeye alikuwa anaita "leo hatuna nyama".

Na msiniambie Chuga haijui chakula bila nyama. Familia za Kihindu pale katikati ya mji zimekula dengu na mboga vizazi na vizazi. Wasabato wetu wapo wasiogusa nyama, na mnajua tunavyowatania wakija kwenye sherehe. Wahabeshi wakifunga hawali kitu chochote cha mnyama. Wachaga na Wameru wana ndizi na maharage, wana kiburu, wana mnafu unaochumwa nyuma ya nyumba. (Loshoro siihesabu, ina maziwa. Msije mkanirushia mawe Waarusha.) Pwani tambi zenyewe wanazipika na sukari, nazi na iliki, Ramadhani zinaliwa sana, Mwitaliano akiziona atazimia, lakini ni mimea tupu na ni tamu vibaya.

Mwenzetu anayesoma mambo ya lishe amenieleza kitu kingine. Mahindi peke yake yana upungufu wa kirutubisho kinachoitwa laisini, na maharage yamejaa laisini. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivichemsha pamoja vinazibana mapengo. Sasa sikilizeni hii. Kaskazini ya Italia, mahindi yalipofika, maskini wakawa wanakula "polenta", ambayo ni ugali, asubuhi ugali, jioni ugali, na kitoweo hakuna. Wakapata ugonjwa mbaya wa ngozi na wa akili, wakafa wengi. Jina la ugonjwa huo, pellagra, alilitoa daktari wa Milano, Francesco Frapolli, mwaka 1771, na maana yake ni ngozi iliyokakamaa. Leo tunajua ni ukosefu wa vitamini inayoitwa niasini. Bibi yangu hakusoma hiyo niasini wala laisini. Alitupa maharage kwenye mahindi akafunika sufuria, wajukuu wakakua.

Halafu tazameni tunapoishi. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 ambazo zimejaa masokoni, mbegu zake zilitolewa 1997 kwa kazi ya watafiti wa hapahapa Tengeru. Upande wa pili wa mji kuna Selian, wamekaa miaka wakihangaika na maharage mpaka wakatoa aina zenye majina yao, Selian 94, Selian 97. Watu wenye shahada tatu wanaamka asubuhi kwa ajili ya maharage! Na sisi wenye shahada nusu, chini ya mlima huohuo, tunamuonea aibu mtu anayeyapika.

Jana nilimsomea Katibu nusu ya haya, akanijibu: "Chalii wangu, mgahawani mtu hanunui maharage, ananunua mazingira. Unataka tusifurahi?" Hoja yake ina uzito, siwezi kuidharau. Mimi mwenyewe nilifurahi. Yule mama wa Nkoaranga anajua kazi yake, anastahili kulipwa, na kama kuna mtu ameona thamani ya maharage ya Meru kuliko sisi ni yeye. Siku nikiajiriwa nitarudi nikalipe na bakshishi. Lakini kama ni mazingira tu, mbona wenyeji waliyacheka makande yake palepale, bustani ileile, taa zilezile? Mazingira yalikuwepo. Kilichokosekana ni jina geni. Hapo Katibu alikaa kimya, akabadilisha mada akaanza habari za Simba na Yanga.

Kuna hoja nyingine nayo niiseme kabla hamjaniandikia. Wengi tunachukia makande kwa sababu ya bweni. Kweli kabisa. Makande ya shule yalikuwa hayajalowekwa, hayana kitunguu, na wadudu wanaelea juu, tunawaita kitoweo. Miaka sita nimeyala hayo. Lakini ukipewa piza iliyopikwa kwenye pipa na mpishi wa watoto 800 utaichukia na piza. Kosa ni la sufuria lile. Na wala sisemi kila mtu ale makande daima dumu. Kula makande siku saba kwa sababu huna kingine si raha, Jirani mwenyewe atawaambia, kuna wiki alikuwa anayaangalia tu. Ila alikuwa ameshiba, na daftari lake lilikuwa tupu.

Kwa hiyo mimi nina mambo mawili, na nayasema hapa hadharani kwa sababu na kucheka nilicheka hadharani.

La kwanza ni bili. Huu mtindo wa "tugawe sawa" tuuache. Unamfaa aliyekula sana na mwenye nazo, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Aliyeagiza maji kwa sababu ya hesabu zake hawezi kusema, maana akisema ameshajivua nguo. Aliyekula cha 30,000 ndiye anatakiwa kusema kabla simu ya hesabu haijatoka mfukoni: jamani, mimi changu ni hiki hapa. Siku ile alitakiwa kuwa mimi. Nimemrudishia Jirani 12,000 yake juzi. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

La pili ni lile jina. Nimemwomba radhi. Alicheka akasema "achana nayo, kaka," lakini hakuniangalia usoni, na mimi najua mtu akisema achana nayo bila kukuangalia maana yake ni nini. Anayemwita Magereza kuanzia leo ajue aliyelitunga ameshalifuta. Ukilisikia mtu analitumia, mwambie aje kwangu, mlango wa tatu kushoto.

Sasa tangazo. Jumamosi hii ni siku ya soko Tengeru. Nakwenda asubuhi na mapema na shemeji, ndiyo, yule yule wa picha, ameomba mwenyewe. Tunachukua mahindi yaliyokobolewa, maharage, karoti, nazi mbili. Jumapili baada ya ibada sufuria linarudi koridoni, mpishi ni Jirani, sisi ni wa kupuliza mkaa. Amekubali kwa masharti: asiguse mtu mwiko wake, na chumvi aweke yeye. Katibu ameahidi maparachichi kutoka kwao. Wanaokuja waje na sahani na kijiko, sisi hatuna vyombo vya kutosha watu zaidi ya wanane. Sufuria tumepata, bado beseni la kulowekea, lenye mfuniko, kwa sababu panya wa bloku yetu mnawajua. Nani analo? Nalihitaji kabla ya Jumamosi saa mbili usiku.